MWANAFUNZI UGENINI: SI MSAFIRI WALA SI MWENYEJI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Haupiti mwaka ila huondoka katika miji yetu ya pwani, Mombasa na Lamu na Malindi, vijana wanaume na wanawake kwenda kutafuta ilimu katika miji mikubwa ya ng'ambo. Wako waendao Madina, na Istanbul, na Kuala Lumpur, na London. Na wako waendao Cairo, mji ambao wazee wetu wauita Misri tu, kana kwamba nchi nzima ni mji mmoja. Leo twataka kusema na hawa wa Cairo, kwa kuwa khabari zao hutufikia zaidi kuliko za wengine. Walakini tuyasemayo yatamfaa kila kijana aliyelala usiku wake wa kwanza katika mji ambao hakuna amjuaye.

Kijana ajapo kutuaga twamwombea dua, twampikia pilau, na baadhi yetu humfunga hirizi mkononi, jambo ambalo halina asili katika dini wala halimpunguzii mtu baridi wala njaa. Mama yake ameuza bangili zake ili ipatikane nauli. Baba yake amekopa. Jamaa wa mtaa wamechanga. Tukisha kumsindikiza mpaka kiwanja cha ndege, twarudi majumbani kwetu nasi twadhani ya kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza yaanza. Hakuna aliyemwambia kijana yule atakuwa nani huko aendako. Mtu atasema: "Si atakuwa mwanafunzi?" Naam, lakini mwanafunzi ni nani katika mji wa watu? Ni mgeni wa kupita, au ni mtu wa mji? Jawabu ya swali hili ndiyo itakayomjuza aishi vipi, na asiyeijua hupotewa na miaka yake asijue imekwenda wapi.

MAFUNGU MATATU YA WATU

Ndugu zetu, jawabu hii hatuna haja ya kuitafuta mbali. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamekwisha kuieleza katika milango ya Sala ya msafiri na Sala ya Ijumaa, milango ambayo wengi wetu tumeisoma tukiwa wadogo, tukaihifadhi, kisha tusiifikiri.

Wamewagawanya watu walioko katika mji mafungu matatu. Fungu la kwanza ni msafiri, mtu apitaye njia. Huyu ana rukhsa ya kuzipunguza Sala za rakaa nne kuwa mbili, na ana rukhsa ya kula mchana wa Ramadhani kisha akalipa. Fungu la pili ni mukimu, naye ni mtu aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, isipohesabiwa siku ya kuingia wala siku ya kutoka, na huku azma yake ni kurudi kwao. Huyu rukhsa za safari zimemwondokea tangu alipofika. Atasali kamili, atafunga pamoja na watu wa mji, na Ijumaa ni wajibu juu yake. Walakini hahesabiwi katika wale watu arubaini ambao kwao Ijumaa husimama. Fungu la tatu ni mustautini, mtu aliyeufanya mji ule kuwa ndio kwao, hauhami katika kusi wala katika kaskazi ila kwa haja. Hawa ndio wahesabiwao katika arubaini.

Na walipotaka kupiga mfano wa mukimu asiyekuwa mustautini, wanavyuoni walimtaja mfanyi biashara na mwanafunzi, mtu aliyekwenda mji wa watu kutafuta ilimu na nia yake ni kurejea kwao akisha kuipata.

Basi tazameni jinsi sheria ilivyompa mwanafunzi mahali pake barabara. Imemwambia: "Wewe si msafiri, usiishi kama mpita njia." Kisha ikamwambia: "Wala wewe si mwenye mji, usisahau ya kwamba una kwenu." Na makosa ya vijana wetu ugenini, tukiyachungua, hayatoki katika mawili haya. Ama kijana huishi kama msafiri miaka minne, ama hujifanya mwenye mji kabla miezi minne haijapita.

KOSA LA KWANZA: KUISHI KAMA MSAFIRI

Watu wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria imengoja mpaka siku nne. Lakini kijana wetu mwaka wa kwanza umepita, na sanduku lake bado li chini ya kitanda, nguo zimo ndani yake, kama kwamba atasafiri kesho. Hamjui jirani wa mlango wa pili. Imamu wa msikiti wa mtaa hamjui, wala imamu hamjui yeye. Mwili wake u Cairo, na moyo wake u ndani ya simu, na simu yake i Mombasa. Usiku kucha yuasikiliza khabari za harusi za Mji wa Kale, na nani kagombana na nani, na timu gani imefunga. Hulala alfajiri, akaamka jua limepanda na darasa limekwisha. Ukimwuliza hukwambia, "Ni muda tu, nitarudi." Naam, ni muda, lakini ndio umri wake, na hautarejea.

Hatusemi haya kwa kumlaumu bila kumhurumia, kwani twajua ni kizito alichokipata. Mombasa katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,208,333, na kisiwa chake chaweza kuvukwa kwa miguu. Cairo pamoja na viunga vyake ina watu zaidi ya milioni 20. Kijana wa Lamu aliyezoea vichochoro na punda hufika katika barabara ambayo magari hayana mwisho, akasimama ukingoni asijue avuke vipi. Hapa kwetu hawezi kutoka nyumbani mpaka msikitini asiulizwe hali mara kumi, na kila mtu amjua kuwa ni mwana wa fulani. Huko hupita kati ya maelfu wala hakuna amjuaye babake.

Hata jua si lile. Sisi hapa, tu karibu na mstari wa ikweta, na Magharibi yetu haisogei mwaka mzima ila kwa dakika kama thelathini. Cairo, siku za Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na usiku ukawa mrefu na baridi, nyuzi joto zikashuka mpaka kumi au chini yake. Na siku za Juni mchana hukaribia saa kumi na nne. Kisha huja katika masika yao ule upepo uitwao khamsini, upepo wa jangwani wenye vumbi unaozigeuza mbingu kuwa rangi ya udongo. Kijana aliyezaliwa na bahari mbele yake hudhani ya kwamba dunia imefungwa.

Basi majonzi ya kwao yakimshika asidhani kuwa imani yake ni dhaifu, wala sisi tusimcheke. Masahaba wa Mtume S.A.W. walipohamia Madina katika mwaka 622, walishikwa na homa ya mji ule, na hamu ya Makka ikawashika pamoja na homa. Bibi Aisha aliingia kuwatazama babake, Abubakar Siddiki, na Bilali, naye amesimulia jinsi Bilali alivyokuwa, homa ikimwachia, akiinua sauti kuyatamani mabonde ya Makka na majani yake. Na hawa ni nani katika watu! Wala Mtume hakuwakemea. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aiondoe homa yake. Dua hii ina mafunzo mawili. Kwanza, kuipenda nchi uliyotoka si aibu. Pili, dawa ya majonzi si kurudi, bali ni kuupenda mji uliomo. Mtume hakuwaombea waisahau Makka. Aliwaombea moyo uwe na nafasi ya miji miwili.

Na mji haupendwi kwa kutazamwa dirishani. Tukitazama Mtume S.A.W. alivyowakalisha wageni wake katika Madina twaona mambo matatu: msikiti, na udugu, na soko. Na haya matatu ndiyo tumwusiayo mwanafunzi ayashike katika siku arubaini za mwanzo.

MSIKITI

La kwanza alilolifanya Mtume alipofika ni kujenga msikiti. Basi kijana asiulize kwanza duka la vyakula vya kwao liko wapi, aulize msikiti wa mtaa wake. Cairo imejaa misikiti, na hii yaweza kuwa neema na yaweza kuwa mtihani, kwani mtu husali leo hapa na kesho pale, na mahali popote asijulikane. Twamwusia achague msikiti mmoja ulio karibu, na ajilazimishe Sala moja ya jamaa kila siku mahali pale pale, khasa Alfajiri. Mzee amwonaye kijana mgeni katika safu kila Alfajiri, siku ya kumi atamwuliza jina lake, na siku ya ishirini, asipomwona, atamwulizia kama ni mgonjwa. Katika mji wa watu milioni 20 huu ndio ulinzi wa kijana, kwamba yuko mtu mmoja atakayejua ya kuwa hakuonekana leo.

Na ukifika mwezi wa Ramadhani atakuta watu wa Misri wakitandika meza za futari barabarani, wakimwita kila apitaye bila ya kumjua, nazo huziita meza za Mwingi wa Rehema. Basi asione haya kukaa. Na mwaka wa pili asiwe wa kukaa tu, awe katika wanaotandika.

SOKO NA LUGHA

Mtume S.A.W. aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu. Abdulrahmani bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, ambaye alimtolea nusu ya mali yake yote. Abdulrahmani alimwombea baraka katika mali yake, wala hakuichukua. Aliuliza njia ya kwenda sokoni. Akaenda, na siku ile ile akarejea na jibini kavu na samli aliyoichuma kwa kuuza na kununua.

Hii ndiyo sifa ya mgeni mwenye akili: huuliza soko li wapi. Kijana wetu na ajue bei ya mkate na ya kunde wazilazo Wamisri asubuhi, na ya bajia zao, na ya kushari, chakula chao cha mchele na dengu na makaroni kishibishacho kwa pesa chache. Na ajue ya kwamba pauni ya Misri ilishuka sana thamani yake mwezi wa Novemba mwaka 2016, na ikashuka tena mwezi wa Machi mwaka 2024, hata hesabu aliyopewa na mtu aliyesoma huko zamani haifai tena. Aandike katika daftari kila anachotumia, agawanye pesa zake kwa wiki wala si kwa mwezi, na asibadilishe fedha kwa watu wa vichochoroni, kwani huko kuna kuvunja kanuni ya nchi na kuna kuibiwa pia. Na karatasi zake za ruhusa ya kukaa aziangalie kama aangaliavyo Sala, zisipitwe na wakati wake. Kijana aliyemaliza masomo ya mwaka kwa ushindi huweza kuharibikiwa kwa muhuri mmoja.

Asogope kupanda magari ya watu. Iko treni ya mjini ipitayo chini ya ardhi, iliyoanza mwaka 1987, ya kwanza ya namna yake katika bara la Afrika, na ndani yake mna mabehewa waliyowekewa wanawake peke yao. Binti zetu na waijue khabari hii kabla hawajaondoka, wapate kutulia.

Ama lugha, hapa wengi hushangaa. Kijana amesoma Ajurumiya, nahau yake ni safi, yuasoma kitabu bila irabu. Akasimama mbele ya mwuza mikate, akasema Kiarabu cha vitabuni, na mwuzaji akacheka. Mkate kwao huitwa eshi, neno ambalo asili yake ni maisha. Jimu kwao hutamkwa ga, na kafu ile nzito watu wa Cairo huimeza isisikike. Kijana akivunjika moyo akadhani kuwa miaka yake ya chuoni hapa kwetu ilikuwa bure, amekosea. Kile cha vitabuni ndicho cha darasani, na hiki ni cha sokoni, naye ana haja ya vyote viwili. Mtume S.A.W. alimwamuru Zaidi bin Thabiti ajifunze maandishi ya Mayahudi, na kwa riwaya yake mwenyewe aliyajua kwa nusu mwezi. Hatusemi kila mtu ni Zaidi. Twasema ya kwamba kujifunza msemo wa watu unaoishi nao si upuuzi, ni katika Sunna. Na anayejifunza kwa mwuza mikate, akubali kuchekwa naye.

NDUGU: RIWAKI NA UA

Msikiti wa Azhar ulifunguliwa mwaka 972, na tangu karne nyingi wanafunzi wa nchi mbalimbali wakikaa ndani yake katika kumbi zenye nguzo ziitwazo riwaki. Watu wa Maghribi walikuwa na riwaki yao, na watu wa Shamu yao, na Waturuki yao, na watu wa Jawa yao. Na watu wa pembe ya Afrika, kutoka nchi za Uhabeshi na Zaila, walikuwa na yao iitwayo riwaki ya Jabarti. Kila riwaki ilikuwa na sheikh wake na wakfu wake, na wanafunzi wake wakipata fungu lao la mikate.

Hebu tuizingatie hekima yake. Mgeni akifika usiku hana amjuaye, aliwakuta watu wa lugha yake, wakampa mahali pa kulala na kipande cha mkate. Asubuhi hakubaki katika riwaki. Alitoka akaenda kukaa katika halaka ya sheikh, na kando yake mtu wa Maghribi, na mbele yake mtu wa Shamu, na mwalimu wao huenda akawa ni wa mji mwingine kabisa. Riwaki ilikuwa pa kupumzikia, na ilimu ilikuwa nje ya riwaki.

Leo mambo yamepanuka. Sharia namba 103 ya mwaka 1961 iliiongezea Azhar masomo ya uganga na ya uhandisi na ya ukulima, na chuo cha wasichana. Majengo yake makubwa yako Madinat Nasr, na wanafunzi wa kigeni wana mji wao wa kukaa uliojengwa Abbasiya. Lakini hekima ni ile ile. Mwanafunzi wetu na awajue Waswahili wenziwe, wa Kenya na wa Tanzania na wa Visiwani, awe pamoja nao siku ya Idi na siku ya ugonjwa. Mmoja akiishiwa wenziwe wamlishe, na mwenyeji wao ampeleke mgeni siku ya kwanza kuandikisha jina lake. Hiyo ndiyo riwaki. Walakini akila nao, na kusoma nao, na kutembea nao, na kusema nao tu kwa miaka minne, atakuwa hakwenda Misri. Amekwenda Mombasa ndogo iliyo mbali na bahari. Na awe na rafiki mmoja Mmisri, na mmoja wa nchi ambayo hakuwahi kuisikia. Katika chumba kimoja yuaweza kukaa na mtu wa Indonesia na mtu wa Senegal. Hii ni ilimu ambayo haina mtihani, na ni khasara kubwa kuikosa.

Na katika riwaki ile ya Jabarti alifika zamani mtu kutoka nchi ya Zaila, akasoma, na kizazi chake kikakaa. Katika kizazi hicho alizaliwa mwaka 1753 Abdulrahmani Al-Jabarti, ambaye aliandika tarehe ya Misri ya zama zake, na Wafaransa walipoingia Misri mwaka 1798 yeye ndiye aliyetuandikia aliyoyaona. Mjukuu wa wageni kutoka Afrika ya Mashariki akawa ndiye mwandishi wa khabari za wenyeji.

KOSA LA PILI: KUJIFANYA MWENYE MJI

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Kijana hakupata siku nyingi ila amekwisha kuionea haya kofia ya babake na Kiswahili cha mamake. Akipiga simu nyumbani hujitia kusahau maneno. Au hujitia katika ugomvi wa wenyeji, akashika upande, akapaza sauti katika mambo ambayo hajui mwanzo wake wala mwisho wake. Huyu na akumbuke hukumu tuliyoitaja: mukimu huenda Ijumaa, lakini hahesabiwi katika arubaini. Maana yake katika maisha ni kwamba yuashiriki katika kheri ya mji wote, walakini mambo ya mji hayakusimamishwa juu yake. Mgeni mwema husaidia jirani, hutii kanuni, hujifunza, na ulimi wake huuzuia katika yasiyokuwa yake.

Na katika Sura ya Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuonyesha makusudio ya kutoka kwa ajili ya ilimu. Hakutaka watu watoke wote. Ametaka katika kila jamaa litoke kundi likaijue dini, kisha likirejea liwaonye watu wao. Safari ya ilimu, basi, ina ncha mbili, kwenda na kurejea. Anayekwenda asirejee kwa watu wake, si kwa mwili wala kwa manufaa, ameikata kamba katikati.

Wala hatusemi arejee kama alivyokwenda. Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa Gaza, akalelewa Makka, akasoma kwa Imamu Malik Madina, akafundisha Iraki, kisha mwishoni mwa karne ya 2 ya Hijra akaja Misri akiwa ni imamu kamili. Mtu wa cheo hicho angaliweza kusema, "Nimekwisha kujua." Lakini alitazama upya, akasikia aliyokuwa hajayasikia, akayarejea baadhi ya maneno yake ya Iraki. Hayo ndiyo yaitwayo kauli mpya, nayo ndiyo tuyafuatayo katika mengi sisi watu wa pwani mpaka leo. Akafa huko mwaka 204 wa Hijra. Na mabadiliko yake yalikuja kwa dalili, si kwa kufuata mtindo. Kijana wetu akirudi na fikira mpya, na aje nazo hivyo, ana dalili mkononi na adabu ulimini, si kuja kuwadharau wazee waliouza bangili zao ili yeye asome.

Na kheri ya mgeni mwenye bidii haijulikani mwisho wake. Sheikh Rashid Rida alikuja Cairo kutoka Tripoli ya Shamu, na mwaka 1898 akaanzisha gazeti la Al-Manar. Gazeti lile lilifika Mombasa, likasomwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, naye mwaka 1932 akatutolea Al-Islah. Basi hata kurasa hizi mzisomazo zina deni kwa mtu aliyeshuka katika mji asiokuwa wake, asilale, asikae dirishani akiitamani Shamu.

WAJIBU WETU TULIOBAKI

Sasa twageukia wazazi na jamaa. Kijana akiharibikiwa ugenini, mara nyingi sisi tuna fungu letu. Tumemwahidi pesa ya kila mwezi, kisha tukampa mwezi mmoja tukamnyima miwili, na haya zikamzuia kusema. Twampigia simu kumwagiza manukato na vitambaa, asiyekuwa na nauli ya kwenda darasani. Twamwuliza, "Utamaliza lini?" wala hatumwulizi, "Umekula nini? Wasali na nani? Ukiugua, nani akujulia hali?"

Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni hofu tunayoipanda katika vifua vyao. Wako vijana ambao hawakushinda mtihani, au waliambiwa wasome lugha kwanza kabla ya kuingia kitivo walichokitaka, na miaka yao ikawa haiendi kama hesabu ya nyumbani. Wakaogopa kutuambia. Wakaanza uongo mdogo, na uongo mdogo ukazaa mwingine, hata kijana akawa hana pa kurudi wala pa kukaa. Enyi wazazi, kufeli mtihani si kufeli dini. Mwambieni mwanenu kabla hajapanda ndege: "Likikufika jambo, mimi nataka niwe wa kwanza kulisikia, wala mlango wangu hautafungwa." Neno hili ni bora kuliko hirizi mia.

Na twapendekeza kwa kila msikiti uchangao nauli ya mwanafunzi: nauli isiwe ndiyo mwisho. Na achaguliwe mtu mmoja mwenye hekima atakayesema naye kila mwezi, asiyekuwa babake, ili apate wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia baba. Na kabla hajaondoka, aandikiwe mmoja wa wanafunzi waliotangulia, akabidhiwe kwa jina lake, ampokee, amlaze, amwonyeshe msikiti na soko. Hiyo itakuwa ndiyo riwaki yetu, nayo haihitaji nguzo za mawe.

Nawe kijana usomaye haya na chumba chako ki baridi, na mji unanguruma nje usiyaelewe maneno yake: fungua sanduku lako. Toa nguo zako uzitundike. Umekwisha kuwa mukimu. Sala yako ni kamili, basi na maisha yako yawe kamili, hata siku ya kurejea ifike.

Ewe Mola wetu, wapendezeshee watoto wetu miji waliyomo kama ulivyowapendezeshea Masahaba Madina, wala usiwasahaulishe miji waliyotoka. Wape ilimu yenye manufaa, na wenzi wema, na riziki ya halali. Walinde katika njia zao na vyumba vyao. Warejeshe kwa mama zao salama, na uturehemu sisi tuwangojao. Amin.

Wabillahi taufiki.